Toleo Tulilolinunua: Hotuba Kuhusu Haki ya Kurudi kwenye Matoleo ya Zamani ya Michezo ya Kidijitali

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakutubi na watunza kumbukumbu, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, na wachezaji wenzangu,

Nashukuru kwa nafasi niliyopewa. Niliombwa nizungumzie uhifadhi wa michezo ya kidijitali, nami nimeamua kushika jambo moja tu ndani ya uwanja huo mpana, kwa sababu huguswa mara chache ilhali linamfika kila mtu aliyewahi kununua mchezo kwa njia ya mtandao. Jambo lenyewe ni hatima ya toleo ulilolinunua, siku muuzaji anapoleta toleo jipya.

Tarehe 28 Januari 2020 kampuni ya Blizzard ilitoa Warcraft III: Reforged, yaani Warcraft III ya mwaka 2002 iliyotengenezwa upya. Mtu ambaye hakuihitaji kazi hiyo mpya, ambaye hakuilipia hata senti moja, na ambaye miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameununua mchezo wa awali kwa njia ya kidijitali, aliingia mtandaoni akakuta mchezo wake umebadilishwa. Programu aliyoizoea ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa nyingine, nzito zaidi, ambayo siku ile ilikosa orodha za ngazi za ushindani, vikundi rasmi vya wachezaji, na uwezo wa kucheza kampeni, yaani mifululizo ya visa vya mchezo, zilizotungwa na wachezaji wenyewe, mambo ambayo mchezo wa zamani ulikuwa nayo yote. Waliolipia kazi mpya wakachukizwa nayo walirudishiwa fedha zao. Yule wa mchezo wa 2002 hakuwa na cha kurudishiwa, maana siku ile hakununua kitu. Alichokuwa nacho kilichukuliwa, akapewa kingine ambacho hakukiomba.

Niseme wazi tangu mwanzo ninachodai. Ninadai kwamba anayenunua mchezo wa kidijitali abaki na uwezo wa kulipakua na kulicheza toleo lile alilolinunua, pamoja na yale yaliyofuata, hata baada ya muuzaji kuleta jipya. Sidai kwamba muuzaji aendelee kurekebisha hitilafu za toleo la zamani, wala kwamba aziwashe seva zake, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mchezo mtandaoni, milele kwa ajili ya watu wachache, wala kwamba aache kusasisha. Masasisho mengi ni mema, na watengenezaji wengi hukesha wakiyaandaa bila kutuomba malipo ya ziada. Dai langu ni dogo kuliko hayo: sasisho lije kama nyongeza, na mnunuzi awe na sauti juu ya lini alipokee na lini alikatae.

Zamani swali hili halikuwepo, na inafaa tuelewe kwa nini. Mchezo ulipouzwa ndani ya kaseti au diski, kila nakala ilikaa na toleo lake mpaka mwisho wa maisha yake. Chukueni mfano wa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, uliotoka mwaka 1998 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Kaseti zake zilichapwa kwa awamu, na awamu hizo zinatofautiana: katika zile za mwanzo, muziki wa Hekalu la Moto una sauti za watu wanaoimba kama katika ibada, nazo katika awamu ya baadaye zikaondolewa, na damu ya adui mkuu, iliyokuwa nyekundu, ikawa kijani. Tunayajua haya yote kwa sababu kaseti za awamu zote bado zipo, na mtafiti anaweza kuziweka mezani, moja kando ya nyingine, akazisikiliza. Hakuna mtu aliyekaa akaupanga uhifadhi huo. Uliletwa na plastiki yenyewe, kwa kuwa mtengenezaji hakuwa na njia ya kuingia nyumbani kwa mnunuzi kubadilisha kilichomo.

Mauzo yalipohamia mtandaoni, njia hiyo ikapatikana. Steam, leo duka la michezo la mtandaoni la kampuni ya Valve, ilianza Septemba 2003, na kazi yake ya mwanzo kabisa ilikuwa hii hasa ya kuhakikisha kwamba wachezaji wote wana toleo moja la programu, ili waweze kuchezana. Faida yake sihitaji kuitetea mbele yenu. Kabla ya hapo mtu alilazimika kutafuta viraka, yaani faili za marekebisho, mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na kuvipachika kwa mpangilio sahihi. Lakini mkono unaoweza kurekebisha ndio unaoweza kuondoa, na katika miaka iliyofuata mkono huo umepewa uhuru ambao hatukuwahi kuujadili.

Hapa naomba mnivumilie kidogo niingie katika ufundi, kwa kuwa mara nyingi tunaambiwa kwamba kutunza matoleo ya zamani ni mzigo mkubwa kwa maduka. Mimi ni mwandishi wa programu kwa kazi, na hoja hiyo hainishawishi. Katika mfumo wa Steam, faili za mchezo hukatwa vipande vya takriban megabaiti 1 kila kimoja. Toleo la mchezo, kwa macho ya seva, ni orodha tu inayosema ni vipande gani viunganishwe na kwa mpangilio gani. Sasisho likigusa sehemu ndogo ya mchezo, toleo jipya litatumia vipande vilevile vya toleo la zamani isipokuwa vichache vilivyobadilika. Kwa hiyo kutunza matoleo kumi si sawa na kutunza michezo kumi. Mara nyingi ni kutunza mchezo mmoja pamoja na nyongeza kidogo. Na kwa michezo mingi orodha hizo za zamani bado zimo kwenye seva hivi tunavyozungumza: mmiliki wa mchezo anaweza kufungua dirisha la amri lililofichika ndani ya programu ya Steam, akaandika amri pamoja na namba ya orodha anayoitaka, na toleo la miaka mitano iliyopita likaanza kupakuliwa. Namba hizo hazipatikani dukani. Wachezaji wenyewe ndio wanaozikusanya na kuzitunza. Vitu vipo ghalani, na anayevihitaji anapitia mlango wa uani, akielekezwa na jirani.

Sasa nani anahitaji toleo la zamani, na kwa nini? Nimewahi kuulizwa swali hili kwa namna iliyodokeza kwamba jibu ni kumbukumbu za utotoni tu. Kumbukumbu zina thamani yake, na sioni haya kuzitetea, lakini sababu ni nyingi na nyingine ni za kazi kabisa.

Tuanze na wale wanaotengeneza modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji huzibuni na kuzigawa bure. Mnamo tarehe 25 Aprili 2024 kampuni ya Bethesda ilileta sasisho kubwa la Fallout 4, mchezo wa mwaka 2015. Modi nyingi kubwa za mchezo huo hutegemea programu ya katikati ambayo hujipachika ndani ya mchezo kwa kufuata anwani maalumu za kazi zake. Mchezo ukiundwa upya, hata kwa badiliko dogo, anwani hizo husogea, na kila kilichozitegemea huanguka kwa pamoja. Wakati huohuo kikundi cha wabunifu wa kujitolea kilikuwa kimemaliza kazi ya miaka kadhaa, Fallout: London, modi yenye ukubwa wa mchezo kamili, iliyopangwa kutolewa siku mbili kabla ya sasisho hilo. Ililazimika kuahirishwa, kwa kuwa sasisho lingeivunja. Ilipotoka, tarehe 25 Julai 2024, ilikuja na masharti kwamba mchezaji alirudishe kwanza toleo la zamani, 1.10.163. Duka la GOG, lililoshirikiana na kikundi hicho, lilikuwa na njia ya kulipata toleo hilo. Walionunua kupitia Steam walihitaji chombo cha pembeni cha kuwashushia mchezo wao toleo.

Liangalieni tukio hilo kwa makini. Bethesda haikuwa na nia mbaya, na sasisho lenyewe lilitolewa bure. Kosa lote lilikuwa katika ukosefu wa kitu kidogo, yaani kitufe dukani kinachosema: endelea na toleo ulilonalo. Jambo hilohilo lilikuwa limekwisha kutokea tarehe 11 Novemba 2021, Skyrim, mchezo mwingine wa Bethesda, ilipotimiza miaka kumi na toleo lake maalumu likasasishwa. Mpaka leo wapo wachezaji waliong'ang'ania toleo la 1.5.97, na mijadala yao imejaa maelekezo ya jinsi ya kulizuia duka lisiwasasishie kwa nguvu. Watu wazima, wenye mali yao halali, wanajificha ili isibadilishwe wakiwa wamelala.

Kuna pia wale ambao mchezo wao wenyewe, kanuni zake, uligeuzwa. Stellaris, mchezo wa kujenga himaya angani, ilipotoka Mei 2016 ilimpa mchezaji njia tatu tofauti za kusafiri kati ya nyota, na kila njia ilizaa mkakati wake. Toleo la 2.0 la Februari 2018 liliziondoa mbili kama njia za kuanzia, likabakisha moja. Wapo wanaosema mchezo ulipata nguvu kwa uamuzi huo, na huenda wana haki. Lakini aliyeupenda ule wa njia tatu hakuwa na mchezo mwingine wa kukimbilia. Hapa kampuni ya Paradox, inayouchapisha, ilifanya jambo la kiungwana ambalo imelifanya kwa michezo yake mingi: iliacha matoleo ya zamani wazi kwenye Steam, katika menyu ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuifungua na kuchagua namba anayoitaka. Mwenye himaya aliyoijenga kwa wiki kadhaa aliweza kuimaliza katika kanuni alizoianzia.

Nami nayajua maumivu ya kutokuwa na menyu hiyo. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na kampeni moja ndefu, katika mchezo ambao sitautaja, tuliyoicheza kila mwisho wa juma kwa karibu miezi saba. Ilikuwa njia yetu ya kuzungumza. Yeye alikuwa mbali nami, na mazungumzo ya simu baina yetu huwa mafupi, ila tukiwa tunajenga mji wetu tuliweza kusemezana usiku kucha. Siku moja sasisho lilikuja, na faili yetu ikakataa kufunguka. Ujumbe ulisema imetoka katika toleo lisilotambuliwa. Niliwaandikia wauzaji nikiomba tu toleo la wiki iliyopita. Walinijibu kwa upole kwamba toleo hilo halipatikani tena na wakatushauri tuanze upya. Hatukuanza. Sidhani kama kuna aliyetukosea kwa makusudi, lakini siwezi kukubali kwamba hakuna kilichopotea.

Wengine nitawataja kwa ufupi. Wapo wenye kompyuta dhaifu, ambazo ziliumudu mchezo siku uliponunuliwa na haziumudu tena baada ya masasisho kuuongezea uzito. Wapo wanaoshindana kumaliza michezo kwa kasi, ambao mashindano yao huhesabiwa kwa toleo, kwa kuwa hitilafu moja ikirekebishwa rekodi za miaka haziwezi tena kulinganishwa. Wapo watafiti na waandishi wa historia. Wapo walioathiriwa na hitilafu mpya wanaotaka kurudi nyuma kwa wiki mbili tu, mpaka kiraka kije.

Nirudi kwa watengenezaji na pingamizi zao, kwa sababu si zote ni nyepesi.

Ya kwanza ni usalama. Toleo la zamani lililoachwa na mwanya linaweza kumfungulia mhalifu kompyuta ya mchezaji. Hilo ni kweli, na tumeliona: Januari 2022 seva za michezo ya Dark Souls kwa upande wa kompyuta zilizimwa baada ya kugundulika mwanya uliomwezesha mtu wa mbali kuendesha amri zake ndani ya kompyuta ya mchezaji mwingine. Lakini tazameni jinsi hatari ile ilivyodhibitiwa. Hatari ilipita mtandaoni, na mtandao ndio uliofungwa. Aliyetaka kucheza peke yake aliendelea kucheza. Mpaka huohuo unaweza kutumika kwa matoleo ya zamani: yaruhusiwe kwa anayecheza peke yake au na watu anaowachagua mwenyewe, seva rasmi ziyakatae, na onyo liandikwe waziwazi kabla ya kupakua. Hoja ya udanganyifu katika mashindano nayo inajibiwa na mpaka huo.

Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni leseni za kazi za watu wengine zilizomo ndani ya mchezo, hasa muziki. Grand Theft Auto IV ilitoka Aprili 2008. Miaka kumi baadaye, Aprili 2018, leseni za nyimbo zake nyingi zilifikia ukomo, na kampuni ya Rockstar ikaziondoa kwa njia ya sasisho. Walioumizwa zaidi ni wapenzi wa redio ya Vladivostok FM, ile ya nyimbo za Kirusi, ambayo kwa mhusika mkuu, mhamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, ilikuwa ni sauti ya nyumbani katika mji wa ugenini. Nyimbo zake karibu zote zilibadilishwa. Ukiendesha gari leo katika mji ule unasikia nyimbo nyingine, na kisa chenyewe kimebadilika ladha bila neno hata moja la mazungumzo kuguswa.

Tutaambiwa kwamba sheria iliwalazimisha. Basi tulinganishe na Alan Wake. Mchezo huo nao ulifikiwa na ukomo wa leseni za muziki, Mei 2017. Wachapishaji wake waliuondoa madukani, wakawatangazia watu mapema kwamba muda wa kuununua unakwisha, na wale waliokuwa wameshaununua wakaendelea kuupakua na kuucheza pamoja na nyimbo zake zote. Leseni zilipopatikana tena, Oktoba 2018, mchezo ukarudi madukani. Tatizo lilikuwa moja, lakini katika kisa cha kwanza gharama yake ilimwangukia mnunuzi wa zamani, na katika cha pili ilimwangukia muuzaji wa leo. Tofauti hiyo huandikwa katika mkataba wa leseni, miaka mingi kabla ya ukomo, na wanaouandika ni watu walio katika kumbi kama hii. Ombi langu kwao ni mahususi: mnapojadiliana na wanamuziki, tenganisheni haki ya kuuza nakala mpya na haki ya kuwahudumia walionunua tayari. Ya kwanza iwe na ukomo mkitaka. Ya pili isiwe nao, kwa kuwa mwanamuziki alikwisha kulipwa kwa nakala zile.

Ya tatu ni gharama za huduma kwa wateja: mtu atapakua toleo la zamani, litamshinda, kisha atalalamika kwa kampuni. Sioni kwa nini sentensi moja ya onyo isitoshe. Minecraft, mchezo uliouzwa nakala nyingi kuliko karibu mwingine wowote duniani, umewapa wamiliki wa toleo lake la Java uwezo wa kuchagua kutoka katika orodha inayorudi nyuma hadi majaribio ya mwaka 2009, na onyo lake ni fupi. Mtoto anaweza kufungua toleo ambalo lina mawe na nyasi tu, akaona mahali mchezo wake ulipotoka. Hiyo nayo ni elimu, na sijasikia kwamba imeiangusha kampuni.

Ipo pia hoja ambayo haisemwi hadharani, kwamba toleo la zamani linashindana sokoni na jipya. Novemba 2021, Rockstar ilipouza upya michezo mitatu ya zamani ya Grand Theft Auto katika umbo lililorembwa, ilikuwa imeyaondoa madukani matoleo ya awali. Kazi mpya ilipotoka na kasoro nyingi, wachezaji wakapaza sauti, na katika mwezi huohuo kampuni iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani ya kompyuta kwenye duka lake, ikayarudisha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nao walikuwa wakimwambia mwenye kuchagua; katika kisa kile mbacha ulikuwa umeondolewa, na kuchagua hakukuwepo. Naitaja radhi ile kwa heshima. Ilithibitisha kwamba kurudisha kunawezekana, tena ndani ya muda mfupi, pale panapokuwa na nia.

Sheria zinasemaje? Katika Umoja wa Ulaya ipo Dairektivu 2019/770 kuhusu maudhui ya kidijitali, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2022. Kifungu chake cha 19 kinagusa mabadiliko yanayofanywa na muuzaji katika kitu kinachotolewa kwa muda unaoendelea. Badiliko linalozidi lile linalohitajika ili kitu kilingane na mkataba ni lazima liwe na sababu halali iliyotajwa katika mkataba, lisimgharimu mnunuzi, na atangaziwe kwa lugha inayoeleweka. Na likimpunguzia matumizi kwa kiwango kisicho kidogo, ana siku 30 za kuvunja mkataba. Kisha inakuja aya ya 4, ambayo natamani kila mtengenezaji aisome: haki hiyo ya kuvunja mkataba haitumiki endapo muuzaji amemwezesha mnunuzi kubaki, bila gharama ya ziada, na maudhui yasiyo na badiliko hilo, mradi yanaendelea kulingana na mkataba. Kwa maneno mengine, watunga sheria walikwisha kulifikiria toleo la zamani, na wakaliweka kama kinga ya muuzaji mwenyewe. Anayeacha mlango wa kurudi nyuma hana sababu ya kuogopa kudaiwa fedha. Bado kifungu hiki hakijageuka kuwa desturi ya maduka ya michezo, na vyama vya watumiaji vina kazi ya kukitumia.

Huko California, sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 inamkataza muuzaji kutumia neno kununua kwa kitu anachoweza kukiondoa, isipokuwa amweleze mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Na inawaachilia wale wanaompa mteja nakala ya kupakua na kuitumia daima bila mtandao. Ni hatua ya ukweli, na ukweli ni bora kuliko maneno matamu, ila kumwambia mtu mapema kwamba atanyang'anywa hakumrudishii kitu.

Vuguvugu la wachezaji lililoanzishwa mwaka 2024, baada ya seva za mchezo wa magari The Crew kuzimwa tarehe 31 Machi mwaka huo na mchezo wote kufa pamoja nazo, lilikusanya saini zaidi ya milioni 1 barani Ulaya kufikia Julai 2025. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini naomba wenzetu walioko huko wasilione jambo la matoleo kuwa la ziada. Mchezo unaozimwa hufa mara moja na watu wakamsikia aliyekufa. Mchezo unaobadilishwa kidogo kidogo hubaki na jina lake, akaunti yake na picha yake dukani, huku kilichonunuliwa hakipo. Destiny 2 ilipouzwa Septemba 2017 ilikuja na kampeni kamili, Vita Vyekundu, na Novemba 2020 kampeni hiyo pamoja na sayari nzima kadhaa ziliondolewa ndani ya mchezo. Jina la mchezo lilibaki palepale.

Kwa wakutubi na watunza kumbukumbu nina neno pia. Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena katika mauzo ya kawaida. Hesabu hiyo ilihusu michezo kwa majina yake. Tungehesabu matoleo, tungekuta hali ni mbaya zaidi, hasa kwa michezo ya karne hii. Ufaransa hudai kwa sheria, tangu mwaka 1992, nakala ya kila mchezo ipelekwe katika maktaba yake ya taifa. Mimi ningependa maktaba zote zenye mamlaka ya namna hiyo ziulize pia: nakala ya toleo lipi, na ya siku gani? Diski iliyoko kwenye rafu ina toleo la siku ya kwanza, ambalo pengine karibu hakuna aliyelicheza, kwa kuwa kiraka kilikuwa kimekwisha kuja asubuhi ileile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumekuwa tukiandika majina ya vitabu bila kuandika kurasa zake.

Nimalizie kwa kisa kimoja, kisha nitapokea maswali yenu. Novemba 2012 kampuni ya Jagex iligeuza kabisa namna ya kupigana katika mchezo wake wa mtandaoni, RuneScape, na wachezaji wengi wakaondoka. Toleo walilolipenda lilikuwa limekwisha kufutika chini ya miaka mingi ya masasisho. Kisha kampuni ikatangaza kwamba ilikuwa na nakala ya akiba, ya Agosti 2007. Wachezaji wakaitwa kupiga kura, wakapiga kwa maelfu mengi, na mnamo Februari 2013 mchezo ule wa zamani ukafunguliwa tena kama Old School RuneScape. Unaendelea mpaka leo, ukiwa na wachezaji wake wanaolipa, na kwa miaka mingi mambo makubwa ya kuongezwa ndani yake yamepelekwa kwao kwa kura kwanza. Haya yote yalitokana na nakala moja iliyobaki bila kufutwa.

Kwa hiyo nawaomba watengenezaji mlio hapa, kesho mkifika kazini, muulizane iko wapi nakala ya toleo la siku ya kwanza ya kila mchezo mliouza, pamoja na vifaa vya kuiunda upya, na nani ana funguo zake. Ikipatikana, ifungulieni tawi lake dukani, yaani nafasi yake katika menyu ya matoleo, mliwekee namba na onyo la sentensi moja. Nimewaachia katibu wa mkutano maelekezo ya hatua za kufanya hivyo, kurasa mbili tu, na nitabaki hapa mpaka jioni kwa yeyote anayetaka tuyapitie pamoja.